Komenti Zilizochakaa Katika Viendeshi: Ipi Ifutwe, Ipi Iachwe

Kiendeshi ni kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, kiwe printa, kadi ya mtandao au kamera. Zaidi ya nusu ya msimbo wote wa kerneli ya Linux ni viendeshi, na baadhi yake viliandikwa miaka ya 1990. Msimbo wenyewe hauruhusiwi kuzeeka, kwa kuwa ukibaki nyuma kompaila inagoma. Komenti hazina wa kuzigomea. Kompaila huziruka, majaribio huziruka, na mtu anayebadilisha mistari miwili chini yake mara nyingi naye huziruka. Matokeo yake ni msimbo wa leo unaoelezwa kwa maneno ya miaka ishirini iliyopita.

Mfano mzuri ni lile kufuli kuu la kerneli, maarufu kama BKL. Lilikuja na Linux 2.0 mwaka 1996, mashine zenye prosesa zaidi ya moja zilipoanza kuhudumiwa, na kazi yake ilikuwa kuzuia prosesa mbili zisiingie sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Liliondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Sasa chukua kiendeshi ambacho juu ya kazi yake ya kufungua kifaa bado pameandikwa kwamba BKL imeshikwa, hivyo hakuna haja ya kufuli jingine. Mgeni akiisoma ataiamini. Ataongeza mistari yake bila kinga, na hitilafu itakayozaliwa hapo itajitokeza kwa nadra, kwenye mashine ya mteja, tena bila kuacha dalili ya maana.

Hata hivyo, usikimbilie kufuta. Jiulize kwanza: kilichokuwa kinalindwa na kufuli lile, leo kinalindwa na nini? Ukikuta kufuli dogo limechukua nafasi yake, iandike komenti upya ilitaje hilo, au iondoe kama msimbo unajieleza. Ukikuta hakuna kinga yoyote, basi umekamata hitilafu. Ukiifuta komenti hapo utakuwa umefuta ushahidi.

Umri wa komenti hupimwa kwa Git, ambayo kerneli imeitumia tangu Aprili 2005. Amri ya git blame huonyesha kila mstari uliguswa lini na nani. Komenti ikiwa ya 2006 na msimbo ulio chini yake wa 2013, hapo pana jambo la kuchunguza. Kisha git log -S, ikifuatiwa na jina la kazi au kigeu kinachotajwa, itakuletea badiliko lililokiondoa. Ukilipata, nusu ya kazi imekwisha, maana unaweza kumwonyesha mtu ni siku gani komenti ile iliacha kuwa kweli.

Zipo zisizohitaji uchunguzi mrefu: jina la faili lililoandikwa juu ya faili hilohilo, alama za $Id$ zilizoachwa na mfumo wa CVS, anwani za zamani za posta za Free Software Foundation. Maelezo marefu ya leseni yalianza kubadilishwa kwa wingi mwaka 2017 na kuwa mstari mmoja wa SPDX. Lakini leseni na majina ya wenye hakimiliki ni mambo ya sheria. Usiyachanganye na usafi wa kawaida. Orodha za mabadiliko zilizo juu ya faili nazo zina mtego wake: historia iliyomo kwenye Git ya kerneli inaanzia 2005, kwa hiyo orodha ya mwaka 1998 inaweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki ndani ya mradi.

Komenti inayoelekeza kwenye waraka uliohamishwa isifutwe, irekebishwe njia. Amri ya make refcheckdocs huzitafuta hizo. Komenti zinazoanza kwa /** hukaguliwa na zana ya kernel-doc, ambayo hulalamika ikikuta kigezo kimeelezwa na hali kazi yenyewe haina tena kigezo hicho.

Komenti zinazohusu chipu ni jambo jingine kabisa. Mtu ameandika: subiri milisekunde 20 baada ya kuizima na kuiwasha, la sivyo rejista ya hali inarudisha sifuri. Hakuna mstari wa msimbo utakaokueleza sababu hiyo. Huenda aliyeiandika aliipata kwa kuhangaika na kifaa mezani, na kitabu cha mtengenezaji hakisemi kitu. Komenti ya programu huchakaa programu inapobadilika. Ya chipu huishi maadamu chipu ile bado inatumika. Kwa maoni yangu, asiye na kifaa chenyewe asiiguse hata kama inasomeka kama imani ya kishirikina.

Na zilikuwepo komenti zilizosomwa na kompaila. Tangu toleo la 7 la kompaila ya GCC, la mwaka 2017, komenti inayosema kwamba tawi la switch linaendelea kwa makusudi kwenye tawi linalofuata inaweza kunyamazisha onyo. Kompaila ya Clang haikuzitambua, na mwaka 2020 kerneli ilizigeuza kwa jumla kuwa neno la msimbo, fallthrough. Kwenye miradi mingine bado zimo, na ukizifuta utaletewa maonyo.

Ukimaliza, hakikisha hujagusa kingine. Usilinganishe faili za .o baiti kwa baiti, kwa kuwa mistari ikipungua namba za mistari zinazohifadhiwa na makro za BUG na WARN hubadilika. Linganisha maagizo ya prosesa kwa objdump -d, na tofauti ya namba hizo isikutishe.

Kiraka kibebe usafi huo tu, bila badiliko la msimbo. Kipitishe kwenye checkpatch.pl, tafuta wasimamizi kwa get_maintainer.pl, na katika maelezo taja badiliko lililoifanya komenti iwe ya uongo. Maneno kama "kusafisha tu" hayamsaidii msimamizi mwenye viraka mia vya kusoma. Akikujibu kwamba komenti bado ina kazi, muulize ni kazi gani, kisha tuma kiraka cha pili kinachoiandika kazi hiyo waziwazi.