Jifunze Ufundi: Kupamba Keki ya Ngazi kwa Kanda za Fondanti

Kwa mkazi wa Majengo anayeoka nyumbani, oda moja ya keki ya harusi, iwe ya nikahi au ya ngurario, inaweza kusaidia kulipa karo ya mtoto. Oda hiyo ikiharibika Jumamosi asubuhi, malipo ya awali hurudishwa na jina la mwokaji huchafuka. Toleo hili linafundisha pambo linalopendeza, lisilohitaji mashine na linaloficha kasoro ndogo: kanda zinazopandana kama vigae vya paa.

Chagua malighafi

Fondanti ni sukari, nayo hukauka haraka ikiachwa wazi. Funika kwa plastiki sehemu usiyoitumia. Chokoleti ya kufinyanga hubaki laini kwa muda mrefu zaidi, ila huyeyuka kwa joto la mikono. Baridi ya Nyeri humsaidia anayetumia chokoleti. Unyevu wa msimu wa mvua humsumbua anayetumia fondanti, kwa kuwa sukari hufyonza maji na kunata.

Kutengeneza chokoleti hiyo, yeyusha gramu 400 za chokoleti nyeupe, kisha ongeza takriban gramu 100 za glukosi ya maji iliyopashwa moto kidogo. Koroga polepole na uache mara tu mchanganyiko unapoachana na bakuli. Ukizidisha, mafuta yatajitenga. Funga kwa plastiki, ulaze hadi kesho yake.

Pima kabla ya kutaja bei

Tuseme keki ina ngazi mbili zenye upana wa sentimita 30 na 20, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 10. Zidisha upana kwa 3.14 upate mzunguko: takriban sentimita 94 na 63. Kata kanda zenye upana wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Kila ukanda ukiacha wazi sentimita 2 za ule ulio chini yake, utahitaji kanda tano kwa kila ngazi. Hiyo ni karibu kilo moja ya fondanti, mbali na ile ya kufunika keki. Andaa kilo moja na robo, kwa sababu ya mabaki. Wengi hupata hasara hapa: hutaja bei kwanza, kisha huhesabu gharama.

Hatua kwa hatua

1. Chomeka vijiti vinne au vitano salama kwa chakula katika ngazi ya chini, vyote vikiwa na kimo sawa na keki. Weka kadibodi ngumu chini ya ngazi ya juu. Vijiti ndivyo vinavyobeba uzito, si keki.

2. Sukuma fondanti kwa mti wa chapati juu ya meza iliyonyunyizwa sukari ya unga kidogo. Kata kanda kwa rula.

3. Lainisha ukingo mmoja wa ukanda kwa kidole hadi uwe mwembamba na wa mawimbi.

4. Anzia chini. Paka maji kidogo sana kwa brashi kwenye ukingo wa juu pekee, ubandike. Ukingo wa mawimbi utazame chini, ukining'inia huru.

5. Bandika ukanda wa pili sentimita 2 juu ya wa kwanza, hivyo hivyo hadi juu. Maungio yote yawe upande wa nyuma. Ziada ya ukanda wa mwisho ikunje juu ya keki au uikate.

Keki iliyopambwa isiingie kwenye friji. Ikitolewa, hutoa jasho na kanda huteleza. Ihifadhi mahali pakavu, penye baridi. Ukiipeleka mbali, kama Kieni au Othaya, safirisha kila ngazi katika sanduku lake na uziunganishe ukumbini.

Usisahau sheria

Anayeuza chakula anahitaji cheti cha afya, kinachotolewa baada ya kupimwa na kufanywa upya kila miezi sita, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Muone afisa wa afya ya umma aliye karibu nawe kabla ya kupokea oda, badala ya kusubiri ukaguzi.

Anza na keki ndogo ya nyumbani. Mkono ukizoea, oda ya kwanza haitakutisha.