Mgunga wa Gundi, na Asili ya Jina Lake

Katika nchi kavu iliyo kusini ya jangwa la Sahara, toka Senegali hata Sudani, na pia katika nyika za Kenya ya kaskazini, humea mgunga mfupi ambao miiba yake hutoka mitatu mitatu. Wasudani huuita hashab. Utomvu wake ukikauka ndio ile gundi ya Kiarabu inayotiwa katika soda, peremende, dawa na wino.

Jina hilo hupotosha, maana asili ya gundi hiyo si Arabuni. Ilipewa jina la wauzaji wake, kwa kuwa ilifika Ulaya kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Jina la kitaalamu nalo lina kisa. Migunga yote iliitwa akasia, neno la Kiyunani ambalo tabibu Dioscorides alilitumia kwa mti wa Misri. Mwaka 2005, katika mkutano wa Vienna, wataalamu wa mimea waliamua jina hilo libaki kwa miti ya Australia, kwa kuwa ni mingi zaidi. Tangu hapo mgunga wa gundi huandikwa Senegalia senegal. Mkulima wa Kordofan hakuulizwa.

Mvua zikiisha na majani kuanza kupukutika, mkulima hubandua ukanda mwembamba wa gome pasipo kuumiza mti wa ndani. Baada ya majuma kadhaa madonge ya gundi hujitokeza, naye huyachuma kwa mkono na kurudia kila baada ya siku chache hadi msimu uishe. Mti huo pia hulisha mbuzi na ngamia, na mizizi yake hurutubisha ardhi. Kwa sababu hiyo Wasudani walizoea kulima mtama na ufuta kwa miaka michache, kisha kuliachia shamba liote migunga na kuivuna gundi wakati udongo unapumzika.

Jambo linalowahusu hasa makatibu ni daraja na bei. Mgunga mwingine uitwao talha hutoa gundi hafifu. Ikichanganywa na ya hashab katika gunia moja, gunia zima hushuka thamani, na aliyechuma kwa uangalifu hulipwa sawa na mzembe.

Bei ilileta hasara kubwa kuliko uchafu. Kuanzia mwaka 1969 hadi 2009 kampuni moja tu nchini Sudani ndiyo iliyokuwa na haki ya kupeleka gundi ghafi ng'ambo. Kwa miaka mingi fungu lililomfikia mkulima lilikuwa dogo mno kulinganisha na bei ya nje. Gundi nyingine ikavushwa mpakani kwa siri. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulipoongezeka juu ya hayo, wakulima wengi waliikata migunga wakachoma makaa. Mti uliopandwa badala yake hungojewa miaka minne au mitano kabla ya kugemwa.

Tangu Aprili 2023 vita vimevuruga njia za Kordofan, chimbuko la gundi bora. Huko Kenya ya kaskazini wafugaji wengi hawagemi. Huokota tu ile inayojitokea yenyewe kwenye nyufa za gome, wakiwa machungani.