Kuuliza si Ujinga: Somo la Kazi kwa Njia ya Mtandao

Tukae kitako tujadili jambo linalowahusu wadogo wenu wa Gredi ya 9. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Sawa, lakini asiyechagua kabisa huchaguliwa na wenzake. Tangu mwaka wa 2025, mwanafunzi wa Gredi ya 9 hapa Kenya huchagua njia moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Akifuata mkumbo, masomo yake matatu ya kuchagua yatampeleka asikokupenda. Hili si jambo la mchezo.

Mimi hufundisha Kiswahili, na pia nasimamia mwongozo wa kazi. Jumamosi kadhaa kila muhula, wanachama wa chama chetu hunisaidia kuwafundisha Gredi ya 9 wa shule jirani kwa njia ya mtandao. Hapa nitaeleza tunavyofanya ili somo lisiwe hotuba ya mwalimu akiongea na kioo.

1. Elewa kwa nini wananyamaza

Darasani ukiuliza, "Mmeelewa?" utajibiwa kwa sauti moja, "Ndiyo mwalimuuu!" hata kama hakuna aliyeelewa. Mtandaoni ukiuliza hivyo, kimya kama maji ya mtungini. Kimya hicho si utovu wa adabu. Wengine wamebanana watano mbele ya simu moja ya mzazi. Wengine wanaona haya nyumba yao ionekane. Tena bando ni pesa, na picha hula bando kuliko sauti. Basi mimi simlazimishi mtu kuwasha kamera. Ninachodai ni sauti yake au maandishi yake, na kila mmoja lazima atoe kimojawapo.

2. Usianze na orodha ya kazi

Waulize wanataka kuwa nani: daktari, rubani, wakili, basi. Si kwamba wote wanazipenda kazi hizo, ila ndizo majina waliyoyasikia. Kazi haijulikani kwa jina. Huijua ukimuuliza anayeifanya. Kwa hiyo siku tatu kabla ya somo huwatumia maswali manne, wakamuulize mtu mmoja wa karibu:

(a) Kazi hii ulijifunza wapi, na kwa muda gani?
(b) Leo umetumia hesabu au lugha mahali gani?
(c) Ni ugumu gani ambao sisi wateja hatuuoni?
(d) Kama ungerudi shule, ungetilia mkazo somo gani?

Binti mmoja alimwendea mama mshonaji sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nguo?"

"La mama, nimeleta maswali."

Mama alicheka sana, lakini alimjibu yote. Kuhusu swali la tatu alisema, "Ukikata kitambaa vibaya, hakuna kufuta kama daftari."

3. Swali lijibiwe na wote kwa pamoja

Binti alipoleta habari hizo, niligeuza kazi ya mama yule kuwa swali. Sketi moja inakula mita moja na nusu. Ameagizwa sketi 12. Anunue mita ngapi? Kila mmoja aliandika jibu lake, lakini hakuna ruhusa kulituma mpaka nihesabu tatu. Hivyo hakuna wa kumwigiza mwenzake. Wengi walileta 18. Mmoja alileta 13 na nusu, kwa kuwa alijumlisha badala ya kuzidisha. Sikumkosoa. Nilimwomba awagawie wateja sketi zake, naye akacheka mwenyewe, akasahihisha. Mara sauti ikatoka, "Mwalimu, na vipande vya kutupwa je?" Hapo nikajua darasa limeamka.

Kisha tuliivunja kazi ile vipande. Kupima na kuelewa mashine kwahitaji hisabati na sayansi. Kununua, kuuza na kuweka hesabu ni somo la biashara, ambalo limo katika Sayansi za Jamii. Kubuni mtindo na kupanga rangi ni sanaa. Kazi moja imegusa njia zote tatu! Basi swali kwa mwanafunzi si "Unataka kuwa nani?" bali "Kipande gani cha kazi hii kilikuvuta?"

4. Gawa dakika 40 kwa busara

Salamu na kuita majina, dakika 5. Mwalimu au mgeni, dakika 10, asizidishe. Makundi ya watano watano yakisimuliana waliyoyapata, dakika 20, kila kundi likiwa na mwanachama wetu mmoja wa kuwaongoza. Dakika 5 za mwisho kila mmoja anaandika daftarini: kipande kilichonivuta, na sababu yake. Asiye na simu humpa jirani yake daftari, majibu yake yasomwe kundini kama ya wengine. Asiachwe mtu nje.

Zoezi kwa msomaji

(i) Mtafute mtangazaji, mkalimani au mwalimu wa Kiswahili, umuulize maswali yale manne.
(ii) Chagua kazi moja ya jua kali kijijini kwenu, uivunje vipande kama tulivyofanya na ushonaji.
(iii) Tunga swali moja la hesabu linalotokana na kazi hiyo.

Mkiyakamilisha, yaleteni chamani. Daftari hizo ndizo tutakazozitumia na wadogo wenu muhula ujao, kabla hawajatia alama kwenye njia moja kati ya tatu.