Beji ya Sweta Huharibikia Kwenye Fremu

Kila Desemba mafundi wa nguo wa Meru Mjini, Nkubu na Maua, pamoja na wenzao wa Embu na Runyenjes, hupokea sweta za shule ambazo ni lazima ziwe tayari kabla ya wanafunzi kurudi Januari. Beji hudariziwa kwa mashine kwenye kifua, upande wa kushoto. Ikijikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mzazi hurudisha sweta dukani, mwenye duka humrudishia fundi, na fundi hulipa kutoka mfukoni mwake. Sweta iliyotobolewa na sindano maelfu ya mara haifumuliki ikawa mpya tena.

Wengi hulaumu uzi au mashine. Lakini mara nyingi kosa limeshafanyika kabla mashine haijawashwa, wakati nguo inafungwa kwenye fremu.

Fremu ya kudarizia ni pete mbili, ya ndani na ya nje. Nguo hubanwa kati yake pamoja na kitambaa cha nyuma, kile cheupe kinachofanana na karatasi nzito. Kila sindano inapopiga, uzi huvuta nguo kidogo kuelekea ndani. Kitambaa cha nyuma ndicho kinachobeba mvuto huo. Sweta haiwezi kuubeba peke yake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi hukaza skrubu, kisha huvuta kingo za sweta hadi ikaze kama ngozi ya ngoma. Sweta ikivutwa hivyo, hutanuka, na mashine hushona beji juu ya kitambaa kilichotanuka. Ukifungua fremu, sweta hurudi ilivyokuwa, ila nyuzi za beji haziwezi kurudi nayo. Makunyanzi huanzia hapo. Kinachotakiwa kukaza kama ngoma ni kitambaa cha nyuma. Sweta yenyewe ilale juu yake ikiwa imenyooka tu, bila kuvutwa. Angalia mistari ya ufumaji: ikiwa imepinda karibu na pete, fungua uanze upya.

Legeza skrubu mapema. Weka pete ya nje juu ya meza iliyo sawa, tandika kitambaa cha nyuma, kisha sweta, halafu bonyeza pete ya ndani kwa mikono miwili. Kaza, na usiguse kingo tena. Tumia fremu ndogo kabisa inayotosha beji, kwa sababu nguo iliyo mbali na pete huchezacheza. Kabla ya kuwasha mashine, pitisha mkono chini ya fremu uhakikishe mgongo au mkono wa sweta haujaingia humo. Ni jambo dogo, lakini limeshona sweta nyingi zikawa mifuko.

Kwa sweta nzito kama zinazovaliwa Timau, ambazo pete huziachia alama, iko njia nyingine. Funga kitambaa cha nyuma peke yake kwenye fremu, kipulizie gundi ya muda ukiwa mbali na mashine, laza sweta juu yake, kisha uishikize kwa mshono mrefu wa kuzunguka beji, utakaoutoa baadaye.

Kitambaa cha nyuma kiko cha aina mbili kuu. Sweta na fulana, kwa kuwa zinavutika, zinahitaji kile cha kukatwa kwa makasi, kinachobaki ndani maisha yote ya nguo. Shati la pamba au aproni inaweza kutumia kile cha kurarua. Kikatwe kipite pete kwa sentimita 2 hivi kila upande; kipande kisichofika kwenye pete hakishiki chochote. Gazeti halifai, hata hili letu: hupasuka sindano ikipiga, na wino wake huchafua nguo.

Sindano ya sweta iwe na ncha ya mviringo, kwa mfano namba 75/11, maana ncha kali hukata nyuzi. Ukimaliza, punguza kitambaa cha nyuma ukiacha sentimita 1 kuzunguka beji. Alama ya pete iondoe kwa mvuke, wala usikandamize pasi ya moto juu ya sweta ya akriliki.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba kazi hizo, zikiwemo za sare na aproni. Mnunuzi anaweza kutaka kuona sampuli. Darizi moja, ifue mara tatu, ianike hadi ikauke, kisha uitazame beji kwenye mwanga wa dirisha. Ikibaki imenyooka, funga ya pili kwenye fremu.