Moto wa Kiangazi na Mafuriko ya Masika

Katika mapori ya miombo yaliyo kandokando ya njia ya zamani ya misafara, toka Tabora kwenda Ujiji, twaona moto kila kiangazi. Mwindaji huuwasha, na mrina asali, na mkulima afyekaye shamba. Tena miti mingi hukatwa ili kukaushia tumbako. Mvua ya Novemba huikuta nchi tupu. Maji hayazami, bali hukimbia na udongo mpaka mabondeni, yakafurika.

Basi tufanyeje? Jirani zetu wa Shinyanga, tangu mwaka 1986, walirudisha ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa desturi ya wazee, na miti ikachipuka tena. Nasi tukinge mteremko kwa matuta, wala tusilime ukingoni mwa mto. Makatekista wawakumbushe watu haya kabla nyasi hazijakauka.