Nadhiri ya Wakati wa Shida

Masomo: 1 Samweli 1:9-28, Waamuzi 11:29-40, Mhubiri 5:4-6

Ndugu wanakikundi, kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo hapa kwetu Kaskazini Mashariki. Mifugo ikafa, visima vikakauka. Katika shida kama hiyo mtu husema, "Mungu, nikivuka hapa, mavuno ya kwanza ni yako." Hiyo ndiyo nadhiri, na jirani zetu Waislamu nao wanaijua. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa nguvu, mto Tana ukafurika na kubeba mashamba. Je, aliyeahidi bado anadaiwa?

Tumtazame Hana. Alipompata Samweli alimnyonyesha kwanza, akamwachisha ziwa, ndipo akampeleka Shilo. Basi nadhiri inaweza kungoja wakati wake, lakini haifutiki. Mhubiri anakataza kuchelewa, ndiyo, lakini anayechelewa ni yule aliye na kitu mkononi. Mungu hamdai mtu vitunguu vilivyochukuliwa na mto. Akivuna tena, atoe.

Yeftha aliahidi kabla ya kufikiri, na aliyelipa ni binti yake. Kwa hiyo tusiahidi cha mwingine: karo ya mtoto, mbuzi wa mke, wala pesa za kikundi kabla mkutano haujakubali. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliomtolea Mungu mali ili wakwepe kuwatunza wazazi wao.

Tuna mfano wa karibu. Annalena Tonelli, mlei kutoka Italia, alifika Kenya 1969 akiwa ameamua kuishi kwa ajili ya maskini. Mwaka 1976 alianzisha manyatta ya TB kule Wajir, ili wafugaji wakae hapo miezi sita wamalize dawa, wasihame katikati ya tiba. Hakuwa mtawa, wala hakuwa na mkubwa wa shirika wa kumfuatilia. Hata alipoondoka Kenya aliendelea na wagonjwa hao nchini Somalia, hadi alipouawa Borama, 2003. Ahadi kubwa hutimizwa kama dawa ya TB: kidogo kidogo, kila siku, mpaka dozi iishe.

Maswali ya kujadili:
1. Je, kuna nadhiri tuliyoweka wakati wa ukame ambayo tumeinyamazia?
2. Kama hatuwezi kuitimiza sasa, tutaanza lini, na kwa kiasi gani?
3. Tukitaka kuahidi kama kikundi, nani lazima aulizwe kwanza?