Udongo Uliochoka: Lundo la Mboji na Maji Yake



Kabla hujasoma zaidi, fanya jaribio hili dogo, watoto nao watazame. Chukua donge la udongo katikati ya shamba lako la viazi, na donge jingine chini ya ua, mahali pasipolimwa, kila moja kiasi cha yai. Yaanike mpaka yakauke kabisa. Tia maji katika glasi mbili, utumbukize kila donge katika glasi yake, kisha ungoje dakika tano bila kutikisa. Mara nyingi donge la chini ya ua hubaki zima. La shambani humumunyuka, na maji yakawa kama chai ya maziwa.

Hivyo ndivyo mvua inavyolifanya shamba lako. Chembe za udongo hushikamanishwa na mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na samadi yaliyokwisha oza. Mboji ikiisha, mvua huuponda udongo, juu hugandamana, na maji hutiririka bondeni pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha.

Wengi wenu huko Kinangop na Ol Kalou mwalima mashamba ya mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa malisho, na majani ya malisho huweka akiba ya mboji mwaka hata mwaka. Tangu hapo ni viazi, kabichi, tena viazi, na shamba la mzee mmoja limegawanywa kwa wana wanne. Akiba ile tumeila. Nami karani, nikiandika maswali yaletwayo ofisini, naona moja limezidi yote: "Naongeza mbolea ya duka kila mwaka, mbona mavuno hayaongezeki?" Na aulizaye hivyo mara nyingi alikopa ili anunue mbegu.

Sisemi uache mbolea ya duka. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una naitrojeni kilo 9, na ukitaka kiasi hicho kutoka mboji itakubidi uwe na kama tani nzima, nayo huitoa polepole. Lakini DAP haishiki maji wala haifungi udongo, na ikitumiwa peke yake miaka mingi huongeza uchachu wa udongo. Vitu hivi viwili vyafaa kwenda pamoja.

Sasa lundo. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, karibu na zizi. Upana uwe futi 5, urefu upendavyo. Chini kabisa panga vijiti na mabua magumu ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu vilivyokatwakatwa, kama mabua ya mahindi au makapi ya ngano, kimo cha inchi 6. Halafu majani mabichi inchi 4. Halafu samadi inchi 2, majivu kidogo na udongo wa juu kidogo. Nyunyiza maji, kisha anza tena, mpaka lifike futi 5. Funika kwa nyasi. Vitu vikavu ni ugali wa vijidudu vinavyoozesha, na samadi na majani mabichi ni mboga yao. Ukiwapa ugali mtupu watalala njaa, na ukiwapa mboga tupu lundo litanuka.

Njia hii ya tabaka si ya jana. Albert Howard, mtaalamu Mwingereza, aliitengeneza huko Indore, Bara Hindi, akijifunza pia kwa wakulima wa huko, akaieleza katika kitabu mwaka 1931. Katika miaka hiyo ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yalianza kuitumia.

Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa moto na yenye unyevu, mambo ni mazuri. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikinuka uvundo, maji yamezidi, pindua lundo liingie hewa. Joto lifikapo digrii 55 huua mbegu nyingi za magugu, lakini pembeni halifiki huko, ndiyo sababu ya kupindua baada ya wiki 3 na tena baada ya 6, ukitia ndani vilivyokuwa nje. Lundo dogo katika baridi ya Kinangop halipati joto, basi usipunguze kimo.

Angalia sana hapa. Usitie lundoni viazi wala mashina yenye mnyauko, ule ambao shina likikatwa na kutiwa katika glasi ya maji hutoa ute mweupe. Ukifanya hivyo utaupanda ugonjwa kwa mikono yako shamba zima. Vifukie mbali, shimo refu.

Chai ya mboji ni rahisi. Tia madebe mawili ya mboji iliyoiva katika gunia, ulifunge, ulining'inize ndani ya pipa la lita 200 lenye maji, kivulini. Koroga kila siku kwa wiki moja au mbili. Ongeza maji mpaka rangi iwe hafifu, kisha mwagia chini ya mmea. Usimwagie majani ya mboga ziliwazo mbichi, kwa kuwa huenda vijidudu vya samadi vimo. Wako wanaoiuza kuwa dawa ya ukungu unaounguza majani ya viazi. Majaribio ya nchi mbalimbali hayakubaliani juu ya jambo hilo, basi usiache kupiga dawa kwa kuitegemea. Ni chakula kidogo cha haraka kwa miche na sukuma wiki, wala haijazi nafasi ya mboji yenyewe.

Ekari moja yataka kama tani 5, yaani toroli 80 mpaka 100. Mwenye ng'ombe wawili hatazipata. Achague nusu ekari, atie konzi mbili kila shimo, na msimu ujao ahamie nusu nyingine.

Katika baridi ya nyanda za juu mboji huchukua miezi minne au zaidi. Lundo la kupandia mvua za Machi lajengwa Oktoba, mara mabua yakiwa yangali shambani.